Kiboko Mvushaji na Abiria wa Siku ya Tufani

Paukwa!

Pakawa!

Nyinyi wa nyuma mmenong'ona. Paukwa!

Pakawaa!

Vyema. Sasa sote tumo. Sogeeni karibu, safari inaanza.

Hapo zamani za kale palikuwa na ziwa pana, lisilo na daraja wala kivuko cha mbao. Aliyetaka kwenda ng'ambo alivushwa na Kiboko. Mgongo wa Kiboko ulikuwa mpana kama uwanja. Wanyama walipanda, Kiboko akaogelea, chubwi-chubwi, chubwi-chubwi, mpaka ng'ambo.

Nauli yake ilikuwa mganda mmoja wa nyasi tamu. Na desturi ya pale ilikuwa hii: nauli huliwa kabla ya safari. Kiboko alisema haogelei na njaa. Basi abiria alileta mganda, Kiboko akautafuna palepale, kwacha-kwacha, akameza. Akishameza, abiria amepata nafasi.

Mpokeaji wa nauli alikuwa Korongo. Alisimama ufukweni kwa mguu mmoja, akaimba:

"Leta nyasi, upande mgongo! Leta nyasi, upande mgongo!"

Hebu tumsaidie. Leta nyasi...

Upande mgongo!

Naam. Siku moja walifika abiria. Alikuwako Ngiri, mwenye haraka zake, mkia wima kama mlingoti. Alikuwako Bibi Nungunungu, mwenda pole, mpenda kuuliza maswali. Na alikuwako Mama Kanga na vifaranga wake walioanguliwa juzi tu, manyoya yao laini kama sufi. Moto wa nyika ulikuwa umeunguza nchi ya upande wa huku. Hakikusalia kichaka cha kumficha hata panzi. Ng'ambo kulikuwa na vichaka na mbegu. Mama Kanga alitembea mbali, mbali sana, kuupata mganda ule mmoja.

Kwacha-kwacha! Nauli ikaliwa.

Mara, vuuuu! Upepo ukashuka mlimani. Wingu jeusi likafunika jua. Ziwa likavimba, mawimbi yakapanda, yakavunjika, paa! Yakapanda tena, yakavunjika, paa!

Kiboko akatia mguu majini, akautoa. Akasema, "Hakuna safari!"

"Hakuna safari vipi?" Ngiri akaruka. "Nyasi zangu ziko wapi?"

"Tumboni."

"Basi nivushe!"

"Wimbi lile litakumeza, Ngiri."

"Na linimeze! Nauli nimetoa! Twende!"

Bibi Nungunungu akamgeukia. "Mjukuu wangu, ulilipa uvushwe, hukulipa uzamishwe. Hapo Kiboko amesema kweli. Ziwa hili leo si la kuingiwa."

"Bibi, wewe uko upande gani?"

"Niko upande wa kufika."

Kiboko akafurahi, masikio yakacheza. "Mmesikia? Bibi amesema. Mimi sikuuita upepo. Upepo si wangu. Kwaherini." Akaanza kuondoka kuelekea bandani kwake. Na banda lake, jamani, lilikuwa kubwa, la matete, kavu, lenye ghala la nyasi hadi darini.

Mama Kanga akamkimbilia. "Baba Kiboko, subiri! Mvua inakuja. Wanangu hawana bado manyoya ya kuzuia maji. Kifaranga akilowa na kupigwa baridi, hafiki jioni. Tupe japo pembe moja ya banda lako."

"Mama, mimi ni mvushaji. Sina nyumba ya wageni. Rudini kesho, kila mmoja na mganda wake."

"Mganda mwingine?" Ngiri akapiga kelele. "Wa leo bado hata hujausaga!"

Bibi Nungunungu hakupiga kelele. Alitikisa miiba yake, chakacha-chakacha, akamwita Korongo.

"Korongo mwanangu, wewe mrefu, waona mbali. Wingu hili uliliona lini?"

Korongo akabadilisha mguu. "Niliona... umande ulikuwa haujakauka, Bibi."

"Na nyasi zetu ulizipokea lini?"

Korongo akabadilisha mguu tena. "Umande ulipokwisha kukauka."

"Basi tukokotoe pamoja. Wingu lilitangulia, nyasi zikafuata. Ulijua, nawe ukaendelea kuimba. Ungalisema, Mama Kanga angalikwenda mapema kujikinga kwenye miamba ya kule mlimani. Sasa miamba iko mbali na mvua iko karibu."

Korongo akainamisha mdomo mpaka ukagusa mchanga.

"Nawe Kiboko," akasema Bibi, "desturi yenu mwasema nauli huliwa kabla ya safari. Je, ulikula?"

"Nilikula."

"Ukameza?"

"Nikameza. Si mliniona?"

"Basi ulipomeza, ulitupokea. Tangu hapo mpaka tukanyage ng'ambo, sisi ni abiria wako. Ziwa likitulia, ni abiria wako. Ziwa likichafuka, ni abiria wako. Upepo si wako, Kiboko. Abiria ni wako."

Kiboko akageuka tena kuelekea bandani.

Ngiri, ambaye hangojei, akaanza kuimba kwa sauti ya Korongo:

"Rudisha nyasi, au fungua mlango! Rudisha nyasi, au fungua mlango!"

Vifaranga wakaitikia, pii-pii! Na nani mwingine akaitikia? Korongo mwenyewe! Nanyi itikieni. Rudisha nyasi...

Au fungua mlango!

Kiboko akajaribu kucheua. Akakaza shingo, akakohoa, ghoo! ghoo! Wapi! Kiboko si ng'ombe. Kilichokwenda kimekwenda.

Papo hapo mvua ya mawe ikaanguka. Ta! Ta! Tatata! Mama Kanga akatandaza mbawa, vifaranga wakaingia chini. Lakini mbawa zilikuwa mbili na wana walikuwa wengi. Mdogo kuliko wote akabaki nje. Vuuuu! Upepo ukamzoa, ukambingirisha mchangani kama unyoya, ukamtupa ziwani.

"Mwanangu!" Mama Kanga akalia. "Mwanangu jamani!"

Ngiri, hodari wa maneno, akasimama kama gogo. Korongo akakimbia hadi ukingoni, upepo ukamwangusha. Kifaranga akaonekana juu ya wimbi, akapotea. Akaonekana, akapotea.

Bibi Nungunungu akapaza sauti kuliko upepo: "Kiboko! Yule ni abiria wa nani?"

Kiboko akalitazama banda. Akalitazama ziwa.

"Wangu!" akanguruma. "Ni wangu!"

Chubwiii! Akajitosa. Wimbi likamfunika. Likaja la pili, nalo likamfunika. Kisha kichwa kikaibuka, kinywa wazi kama pango, ham! Kikafumba. Kifaranga hayupo.

"Amemmeza!" Ngiri akalia. "Amemmeza kama nyasi!"

Kiboko hakujibu. Angejibuje? Akatoka majini mbiombio, mawe yakimpiga mgongoni ta-ta-ta, akausukuma mlango wa banda kwa bega, akawaashiria wote waingie. Wakaingia. Akalala chini, akafungua kinywa polepole. Juu ya ulimi, pale katikati, alikuwa kifaranga. Amelowa. Hatikisiki.

Kiboko akampumulia, haaa. Pumzi yake ilikuwa ya moto kama ya tanuri. Kimya. Haaa. Kimya. Mama Kanga akafumba macho. Haaaa...

"Pii!"

Mmesikia?

"Pii! Pii!"

Banda likalipuka kwa shangwe. Ngiri akacheza mpaka akagonga nguzo. Mama Kanga akamchukua mwanawe, akamfunika.

Kiboko akasema kwa sauti ndogo, na sauti ndogo ya kiboko si ndogo: "Bibi, nimeelewa. Anayetaka kurudi kwao, achukue mganda wake ghalani. Anayetaka kungoja, ale, alale pakavu, na ziwa likitulia atapanda wa kwanza. Sitamdai mganda wa pili."

"Nami," akasema Korongo, "nikiona wingu, nitaimba wingu kwanza."

"Mimi nangoja," akasema Ngiri, mdomo tayari umejaa nyasi. "Lakini mimi nikingoja, huwa nakula!"

Wakala, wakalala. Ziwa likatulia. Abiria wote wakapanda, chubwi-chubwi, chubwi-chubwi, mpaka ng'ambo. Kiboko akasimama kwenye maji haba, hakuondoka, mpaka kifaranga mdogo wa mwisho akaruka, akakanyaga nchi kavu, akakimbilia kichakani bila hata kuaga.

Basi, wakubwa kwa wadogo, mafunzo ni haya. Dhoruba haina wa kulaumiwa, wala nahodha asishurutishwe kuingia ndani yake. Lakini aliyepokea nauli amempokea na mwenye nauli: amwambie mapema, amtunze akikwama, amrudishie chake au amfikishe. Na abiria aijue haki yake, aidai pamoja na wenzake.

Hadithi yangu imetia nanga hapa. Shukeni taratibu, msisukumane.