Namna Neno la Bi Mize Lilivyotoka Nyumbani

Kaeni sawa, wajukuu zangu. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, na wewe uliyemlalia mwenzako mguu, jivute kidogo. Habari hii niliipokea kwa bibi yangu Msiwa. Yeye akifika mahali pa Bi Kirembo alikuwa anabana pua na kuigeuza sauti, tukacheka mpaka wakubwa wakatugombeza. Mimi pua yangu haibaniki vizuri, basi hapo mtajazia wenyewe.

Zamani hizo, mji wetu huu wa mawe na makuti ulikuwa na maneno mengi, lakini hayakuwa ya watu wote. Kila kazi ilikuwa na neno lake, na kila neno lilikuwa na nyumba yake. Kazi bila neno lake haikufanyika. Ungeweza kuishika pembe ukaipuliza mpaka mashavu yakakuuma, kama wenye neno la pembe hawakuitwa wakalitamka, pembe haikutoa hata mlio wa mbu. Ungeweza kusimama mlangoni kwa mtu mpaka kivuli chako kikahama, kama wenye neno la mlangoni hawakuja, ndani hakusikii mtu. Na msiniulize maneno yenyewe yalikuwaje. Hayapo tena, ndiyo maana nasimulia kwa haya ya leo.

Nyumba kubwa zilikuwa na maneno mawili, matatu, yaliyofungwa katika makasha yenye nakshi, yakafukizwa udi na kutiwa karafuu kama nguo za sikukuu. Na nyumba zilijivunia maneno yaliyotoka mara chache. Neno lililotumika sana lilionekana chakavu, kama kanga ya jikoni.

Nyumba ya Bi Mize ilikuwa na neno moja tu, nalo ni "piga". Kazi yake ilikuwa sakafu, ile ya juu ya nyumba. Mnajua zile dari za nyumba za mawe: chokaa na kokoto humwagwa juu ya boriti, halafu wanawake hujipanga mistari na vipande vya mti mikononi, wakaishindilia kwa pamoja huku wanaimba, mpaka inakuwa ngumu isiyopitisha maji. Bi Mize alikuwa mjane, mabega mapana, sauti ya kuongoza wimbo, na ndiye aliyelitamka neno asubuhi ya kazi: "Pigeni!" Hapo ndipo mikono ilipoinuka.

Sakafu ina desturi yake. Anayepita njiani akasikia wimbo, ruhusa apande, apewe kipande, ashindilie pamoja na wenzake. Hakuna anayeulizwa ni wa nyumba gani. Ila hapandi mikono mitupu. Aje na kata ya maji, au kikapu cha kokoto, na asiye na kitu aje na ubeti wa wimbo.

Bi Mize alikuwa na binti mmoja, Mashavu, na Mashavu alikuwa amechumbiwa na Pandu, mtoto wa Bi Kirembo. Huyu Bi Kirembo nyumba yake ilikuwa ya ghorofa, yenye mlango wa misumari ya shaba, na katika kasha lake yalilala neno la pembe na neno la mlangoni. Binti akiolewa, neno la kwao lilihama naye, likiwa safi, halijafanya kazi nyingine hata siku moja. Neno likichafuka, posa imekufa.

"Kineno chenyewe cha chokaa," Bi Kirembo alisema siku ya posa, akijipepea. "Lakini dari yangu inavuja, na mtoto wangu hasikii la mtu. Kiletwe tu kikiwa safi."

Bi Mize alimeza hilo kwa ajili ya mwanawe. Mashavu alimpenda Pandu, na Pandu alikuwa akipanda sakafuni kila siku na kata ya maji ambayo nusu yake ilimwagika ngazini kwa haraka ya kufika.

Sasa ikatokea karamu moja, na wenye nyumba kubwa wakagombania mkeka wa mbele. Nani akae karibu na sinia, nani nyuma. Maneno yakawa makali, kila mmoja akaondoka na njaa yake, na kesho yake makasha yakafungwa kwa kufuli. "Mpaka waniombe radhi," alisema kila mtu. Mji ukakwama. Watu walisimama milangoni mwa ndugu zao wakageuka kurudi. Wazee walitaka kushuka magotini mbele ya Mola wao, na magoti hayakukunjika.

Siku hiyo jua la mchana lilikuwa limekaza, na watu wa bondeni, kwenye nyumba za makuti, wamejinyoosha baada ya kula. Bi Mize na wenzake walikuwa juu ya dari moja mkabala na kwa Bi Kirembo. Mashavu ndiye aliyeona kwanza.

"Mama, ule si moshi wa jiko."

Ulikuwa moto, umeshashika paa la mwisho, na upepo unausukuma kwa wengine. Chini barabarani mwenye pembe alikuwa ameitia mdomoni, anapuliza mpaka macho yanamtoka, na pembe kimya.

Bi Mize akaita ng'ambo, "Bi Kirembo! Mwachie neno la pembe! Watu wamelala kule!"

Bi Kirembo akatokeza dirishani. (Hapa ndipo bibi alipobana pua.) "Walionitoa kwenye mkeka waje kwanza waniombe radhi."

"Wataungua, dada yangu!"

"Si mimi niliyewasha."

Bi Mize akatazama kipande kilichokuwa mkononi mwake. Akatazama moshi. Kisha akamtazama binti yake, na Mashavu akajua mama anafikiri nini, maana neno lile lilikuwa ndiyo harusi yake. Bi Kirembo naye akajua, akaegemea nje ya dirisha mpaka ushungi ukamteleza.

"Mize! Ukilitoa hilo kwa kazi nyingine, usimlete binti yako kwangu!"

Mashavu alikuwa na chokaa mpaka kwenye nyusi. "Toa, mama," alisema. "Nitaolewaje na moshi huo puani?"

Bi Mize akajaza kifua, sauti yake ile ya kuongoza wimbo ikashuka barabarani: "Piga! Piga mbiu!"

Neno lilisita kidogo, kama mgeni asiyeijua njia. Kisha likaibeba ile mbiu mgongoni, na pembe ikalia mlio ambao mji ulikuwa haujausikia tangu karamu. Bondeni watu wakaruka, watoto wakatolewa, ndoo zikapita mkono kwa mkono. Pandu alikuwa wa mbele, nyusi zikamwungua. Nyumba kadhaa zilikwenda na moto. Mtu hata mmoja hakwenda.

Jioni ile ile Bi Kirembo akaudai mkufu wake wa posa, akarudishiwa umefungwa kwenye kitambaa.

Kesho yake mlango wa Bi Mize ulijaa watu. Huyu ana nguo za harusi zenye makunyanzi, yule ana sakafu yenye matope, mzee mmoja anataka magoti yake. Bi Mize aliwatazama. Kilichokwisha kuharibika kilikuwa kimeharibika, na wale walikuwa majirani zake. "Chukueni," akasema. "Lakini kwa desturi ya sakafu. Lisitoke mikono mitupu. Kila mtu alipatie neno kitu cha kubeba."

Basi likatoka. Likabeba pasi, likabeba deki, likabeba magoti ya wazee, likabeba vigelegele na mluzi na soga za barazani. Lilirudi jioni limechoka, lakini, bibi alisema, lilirudi linacheka.

Siku moja halikucheka. Mtu mmoja, Vuai, mkali asiye na sababu, alilichukua bila kulipatia kitu cha kubeba. Alilichukua tupu, akaenda nalo kwa mkewe. Mnajua lilifanya nini. Wanawake wa sakafu walipanda kwa Vuai na vipande vyao mkononi, wakamtoa yule mke na mkeka wake na sufuria zake, na Vuai akabaki na kuta. Lakini Bi Mize alilia siku ile kuliko siku posa ilipovunjika. "Nilifungie," alisema. "Nimelitoa safi, angalieni limerudi na doa."

Mashavu akamwambia, "Doa ni la Vuai, mama. Ukilifungia, magoti ya wazee yatakunjwa na nini?" Kasha halikufungwa. Ila doa halikutoka, na hata leo mnaliona: neno hili likiwa na mzigo hufanya kazi nzuri, likienda peke yake kwa mtu, linaumiza.

Mvua za masika zikaingia, na dari ya Bi Kirembo ikavuja juu ya kitanda, juu ya mkeka, juu ya kasha lenyewe. Pandu alikuwa amegoma kula kwa mama yake. Wenye mkeka wa mbele hawakuja kuomba radhi, kwa maana hawakuwa na haja ya kitu kwake. Pembe ililia bila yeye. Bi Kirembo akafungua kasha ayaokoe maneno yake na maji. Udi ulikuwapo, karafuu zilikuwapo. Maneno yalikuwa vumbi. Yalikufa kwa kukaa, na yeye mwenyewe, alipojaribu kuyakumbuka, ulimi ulirudi mtupu.

Asubuhi mvua ilipokata, akaja kwa miguu yake mpaka mlangoni kwa Bi Mize. Ndani walikuwa wanachekecha chokaa. Akasimama. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu, lakini hakuna aliyeingia kwa mtu bila neno la mlangoni, na neno hilo lilikuwa lake, na halikuwapo. Wapita njia walianza kupunguza mwendo. Bi Mize alikiona kivuli chini ya mlango, akakijua ni cha nani kwa ule ushungi ulioonekana kwenye upenyo.

Angeweza kumwacha. Wenzake walimkonyeza amwache. Bi Mize akafuta mikono, akasogea.

"Nani uliye nje, umekuja na nini?"

Sauti ikajibu, na safari hii bibi hakubana pua. "Sina kitu, Bi Mize. Kasha ni tupu."

"Mdomoni huna kitu?"

"Nina hodi. Sina cha kuibebea."

"Basi si mikono mitupu hiyo," Bi Mize akasema. "Chukua neno letu, libebe hodi yako."

Bi Kirembo akashusha pumzi. "Nimepiga hodi," akasema, mbele ya watu wote wa njia. "Nimepiga hodi kwako, mama Mashavu. Nakuomba binti yako, na chokaa yake yote."

"Karibu," akasema Bi Mize, na mlango ukafunguliwa wote, pande mbili.

Mashavu aliolewa bila kasha. Neno la kwao halikuhama naye, kwa sababu lilikuwa kazini, liko harusini limebeba vigelegele. Na dari ya Bi Kirembo ilishindiliwa upya, mwenyewe yuko mstarini na kipande, anakosea wimbo.

Na tangu siku hiyo, wa upande wa mume ndio wanaotangulia kupiga hodi kwa mwanamke, hata wawe na ghorofa. Na maneno ya makasha hakuna ayajuaye, lakini la Bi Mize halijapumzika. Ilipokuja picha, nani aliibeba? Ilipokuja kura, ilipokuja simu, hakuitwa mtu mkutanoni kutafuta neno. Lilikuwa limeshasimama mlangoni, mikono imenyooshwa. Na mimi ni wa uzao wa Mashavu, nanyi ni wa kwangu, basi mkilitumia mtembee kifua mbele: hilo ni letu. Ila mlipatie kitu cha kubeba.