Zimwi Lililoitikia Shikamoo

Haya, sogeeni mkekani, na wa nyuma anyamaze.

Hapo kale Mwanatumu alikuwa akisukuma chapati, mara akasikia, "Hodi! Hodi! Hodi!" Kwa mazoea akajibu, "Karibu!" bila kuchungulia. Lo! Likaingia zimwi, meno kama mapanga.

"Umenikaribisha mwenyewe," likanguruma. "Sasa nakula!"

Mwanatumu akataka kukimbia. Lakini mgeni ni mgeni, na zimwi lile lilikuwa na mvi.

"Shikamoo, babu."

Zimwi likafumba mdomo. Mama yake alilionya tangu utotoni lisiitikie salamu ya kitoweo.

"Shikamoo, babu."

Likauma ulimi.

"Shikamoo, babu!" Mara hii akapiga goti.

Jamani, nani angevumilia? Likajikuta limesema, "Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

Kisha likashika kichwa. "Ole wangu! Mjukuu nitamlaje?"

"Nawa mikono, babu," akasema Mwanatumu. "Chapati zinapoa."

Tangu siku hiyo huja kila Ijumaa na mzigo wa kuni, likilalamika chai haina sukari.

Nimemaliza. Ila kuna mtu hapa amenipita jioni hii bila kuniamkia. Asinisogelee, maana bado sijala.