Mashine ya Mto na Uji wa Mwenye Mali

Hapo zamani za kale, kale ile ambayo Tembo alikuwa bado anabebwa mgongoni (haya, acheni kucheka!), kulikuwa na mashine ya kusaga inayozungushwa na maji ya mto. Siku moja ikanyamaza, kimyaaa.

Bi Pimbi, mdogo kama kiatu, akafika na kikapu cha mtama. Watoto wake watano hawakuwa wamekula tangu jana.

"Mbona haisagi?"

"Mashine yangu!" Kiboko akanguruma. "Mto wangu, mawe yangu. Nafungua nikipenda."

"Ya dola!" Mtemi Kifaru akafoka. "Anayesaga alete kibali. Vibali hutolewa Jumatano."

"Leo si Jumatano, Mtemi?"

"Jumatano tunapumzika."

Lo! Bi Pimbi akajikuna sikio. "Hebu nifahamisheni, wakubwa zangu. Ikiwa ya Kiboko, akinuna tunalala njaa. Ikiwa ya dola, tunalala njaa tukiwa kwenye foleni. Tofauti ni nini?"

"Tofauti ni mwenyewe!" wakajibu pamoja.

"Basi tumtambue. Desturi yetu, mwenye mashine hunywa uji wa unga wa kwanza mbele ya wasagaji wote."

"Saga! Mimi ndiye nitakayekunywa!" Kiboko akadakia.

"Mimi!" Kifaru akabisha.

Kiboko akafungua maji, Bi Pimbi akasaga, akapika. Na mle chunguni, shhh, akatumbukiza shubiri.

Wasagaji wakakusanyika. Kiboko akapiga funda, gudu!

"Ptuuu! Uchungu gani huu! Mashine si yangu, ni ya Mtemi!"

Kifaru naye, gudu! Macho yakamtoka. "Ptuuu! Dola haina mashine hapa! Ya huyu mnene!"

"Mnene nani, we pipa lenye pembe?"

"Jamani, mmesikia?" Bi Pimbi akauliza. "Haina mwenyewe."

Akanywa funda lake taratibu, kama maziwa. Pimbi wa majabalini, majani machungu ndiyo mboga yao!

"Nami peke yangu siitaki. Nikiugua, nani atafungua? Kila msagaji na anywe funda lake, iwe yetu sote."

Wakanywa. Panya akatoa machozi, Kindi akapiga sarakasi, Kobe akajificha gambani akamezea humohumo. Chungu kikakauka.

Kiboko akajisogeza. "Na mimi nikitaka kusaga, mama?"

"Karibu, baba. Panga mstari nyuma ya Kobe."

Jioni ile watoto watano wa Bi Pimbi walikula uji mtamu hadi matumbo yakawa ngoma.

Mwenye mali ni yule anayekubali na uchungu wake.