Spika Iliyouzwa kwa Picha

Paukwa!
Pakawa!
Paukwa sokoni!
Pakawa mkononi!
Palikuwa na simu!
Ilikuwa na chaji?
Ilikuwa na picha ya chaji tu!

Haya, sogeeni. Na wewe uliyekaa nyuma, weka hiyo simu chini, hadithi isije ikakuhusu kabla sijaianza.

Zamani za juzijuzi, juu ya Mlima Mawemawe, waliishi pimbi. Pimbi mnamjua? Kanyama kadogo, mkia hana, kazi yake kuota jua juu ya mwamba. Adui yao mkubwa alikuwa Tai. Kwa hiyo Babu Pimbi alikaa kwenye jiwe la juu kabisa, macho angani. Akimwona Tai, alipiga kelele: "Kweeek!" Na watoto wote, purupuru, ndani ya nyufa!

Lakini Babu alizeeka, sauti ikamkauka. Siku moja Tai alikuja, Babu akafungua kinywa, ikatoka "kwii" ya mbu. Mtoto wa Bi Pimbi aliponea chupuchupu. Alirudi kwa mama yake na alama ya kucha mgongoni.

Bi Pimbi alimkanda mwanawe mgongo siku nzima. Kisha akasema, "Babu macho anayo, sauti ndiyo hana. Tumtafutie spika."

Spika mpya hawakuiweza. Mlima mzima ulikuwa na kibuyu kimoja tu cha asali, walichokijaza wote pamoja. Basi Bi Pimbi akachukua kisimu chake chenye ufa, akaingia soko la mtandaoni, kule kwenye vitu vya mtumba. Akatafuta, akatafuta, akaiona. Spika nyeusi, inang'aa! Bei yake kibuyu kimoja cha asali. Muuzaji aliitwa Mwaminifu, na picha yake ilikuwa ya njiwa.

Njiwa! Mimi nawaambia ninyi, ila msimwambie mtu: alikuwa Fisi.

Kobe alinunua redio kwa huyo Mwaminifu. Akatuma asali, mzigo ukaja, akautikisa: gudugudu! Akafungua. Jiwe.

Kanga naye alinunua simu. Akatuma asali, mzigo ukaja, akautikisa: kotokoto! Akafungua. Kipande cha sabuni.

Mizigo yote aliileta Korongo. Alipoulizwa, alisema, "Mimi nabeba, sifungui."

Bi Pimbi hakuyajua hayo. Akaandika, "Hodi, ndugu. Spika bado ipo?"

"Ipo, mteja wangu kipenzi," Fisi akajibu. "Imetumika kidogo sana. Mwenyewe alikuwa bubu. Tuma kwanza, jirani, tuma kwanza, mzigo uko njiani!"

"Nirekodie basi ikisema, Bi Pimbi hujambo."

"Leo nina mafua. Tuma kwanza, jirani, tuma kwanza, mzigo uko njiani!"

"Nakuja kuiona ulipo."

"Nimesafiri. Halafu fanya haraka, dada yangu, kuna wengine watatu wanaing'ang'ania!"

Bi Pimbi akamsomea Babu. Babu akanong'ona, "Mwanangu, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

Bi Pimbi akacheka: kwi, kwi, kwi. Akaandika, "Basi wauzie hao watatu, ndugu, nisiwakatie riziki. Sisi wa milimani ni washamba. Mbuzi tunamnunua akilia, ngoma tunainunua ikipigwa. Tena asali yetu haibebeki, iko ndani kabisa ya mwamba. Hata mlango haina."

Haina mlango! Fisi akasoma mara moja, mate yakadondoka: do, do, do. Akasoma tena, mate yakafanya dimbwi. Kweli, spika alikuwa nayo, ile moja ya kupigia picha. Akawaza, "Nitaipeleka. Nitalamba asali. Nitarudi na spika yangu. Kapimbi kataninyang'anya mimi?"

Akaandika, "Nakuja usiku."

"Njoo mchana, ndugu. Usiku tunalala."

Mchana, jua la utosi, Fisi akapanda mlima na spika mgongoni, hema, hema.

"Ala!" Bi Pimbi akasema. "Mwaminifu, kumbe si njiwa?"

"Njiwa ni dada yangu," Fisi akajibu. "Baba mmoja, mama mmoja."

"Mmefanana masikio. Karibu, shemeji. Sasa sikiliza desturi ya kwetu. Anayenunua hukagua mali, anayeuza hukagua malipo, wote kwa wakati mmoja, asipunjwe mtu. Spika weka hapa juani. Asali ile pale, ndani ya ufa. Kaonje, usije ukasema tumekupa maji ya sukari."

Desturi gani hiyo? Aliitunga palepale! Lakini Fisi na harufu ya asali, atauliza?

Akaingiza kichwa. Chap, chap, chap.

"Onja tu, shemeji!"

"Naonja!"

Akaingiza mabega. Chap, chap, chap.

"Inatosha, shemeji!"

"Bado sijaamini!"

Akaingiza tumbo. Chap, chap, chap, mpaka kibuyu kikalia "kwangwa!", kitupu. Akataka kutoka. Tumbo limevimba ndi! Akavuta. Wapi! Akasukuma. Wapi! Huku nje yamebaki makalio na kimkia, fya, fya, fya.

"Bi Pimbi! Nimekwama!"

"Hujakwama, shemeji, umelipwa. Kibuyu kimoja, bei uliyoitaja mwenyewe. Mimi sasa nakagua mali yangu."

Akawasha spika: krrr! "Moja, mbili! Moja, mbili! Nani alinunua kitu kwa Mwaminifu? Aje Mlima Mawemawe, muuzaji ametulia dukani!"

Bonde zima likasikia. Kanga akaja mbio na sabuni yake. Kobe naye akaondoka palepale na jiwe lake, ila mnamjua Kobe. Ikabidi Fisi amsubiri, makalio juani, na kila aliyepita akimwuliza, "Bado ipo?"

Kobe alipofika, wakamwambia Fisi, "Taja ulikoficha asali yetu."

"Sina!"

Kobe akaweka jiwe lake juu ya kile kimkia. "Nakurudishia redio yako," akasema.

"Uwii! Nyuma ya kichuguu!"

Kanga akaruka kwenda kuangalia, akaikuta. Ndipo akamsugua Fisi ubavu kwa sabuni, shwa, shwa, shwa, wakamvuta miguu wote kwa pamoja: puu! Fisi akatoka na povu tele, akateremka mlima bila kuaga.

Walikuwa bado wanacheka, kivuli kikapita juu ya mawe. Tai! Watoto wako nje wote wanacheza na povu, na yule mwenye alama mgongoni ndiye aliyekuwa mbali kuliko wote. Bi Pimbi akatimua mbio kumfuata. Babu akasogeza kinywa kwenye spika, akatoa ile "kwii" yake ya mbu.

"KWEEEEK!"

Mlima ukatetemeka. Watoto, purupuru, ndani ya nyufa! Tai alinyakua povu. Na Bi Pimbi, mwanawe kifuani, alicheka na kulia kwa pamoja.

Funzo la hadithi hii, wanangu, ni hili: ukinunua kitu mtandaoni, usimsumbue muuzaji kwa maswali. Kukagua mali ya watu ni utovu wa adabu. Tuma kwanza, kisha lala usingizi. Mngemwona Fisi siku ile alivyoonewa, mngemhurumia!

Hadithi yangu imefika, na Korongo hakuifungua njiani. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa mbovu, poleni sana: mali ikishauzwa hairudishwi.