Kilio cha Jumamosi Saa Tano

Soma hii kabla hujainua simu yako msibani mara nyingine. Nilisimuliwa na mwalimu mmoja wa Rungwe, nami naipitisha kama nilivyoipokea, ila maneno ya pembeni nimeyapunguza.

Katika mji mmoja mdogo wa milimani huko, kila mwaka shule za msingi hushindana kutengeneza filamu kwa siku mbili. Ijumaa jioni watoto hupewa neno moja. Jumapili saa tisa alasiri filamu ya dakika tatu iwe imeshafika kwa waandaaji. Simu moja inatosha. Watu wazima hawaruhusiwi kuelekeza. Tena kila kinachoonekana na kila kinachosikika lazima kirekodiwe ndani ya siku hizo. Ukitaka mvua, uingoje mvua. Ukitaka kilio, ulie mwenyewe.

Sekela, msichana wa darasa la saba, ndiye aliyeongoza kundi la shule yake. Alikuwa ameshashindwa mara mbili, na mara ya pili alipitwa kwa alama moja. Lile lilimkaa rohoni. Sasa huu ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Ungemwuliza anataka nini duniani, angekujibu pale pale: kuiona filamu yake ukutani mwa ukumbi wa mji, na watu wote wakiwa kimya.

Neno la mwaka huo lilikuwa "Kwaheri".

Sekela alipanga kisa kabla hawajafika nyumbani. Babu anafariki peke yake. Mjukuu anafika, amechelewa, analia. Mjukuu atakuwa Tumpe, rafiki yake mwenye sauti ya kwaya. Ikabaki kumpata babu.

"Mzee Ambokile," akasema Lusajo, mwenzao wa tatu.

Wakatazamana. Mzee Ambokile alikuwa fundi mitambo mstaafu wa kiwanda cha chai, na mtaa mzima ulikuwa na neno juu yake. Mkewe alipofariki, miaka minane nyuma, mvua ilinyesha siku tatu na daraja likakatika, kwa hiyo waliofika kuzika walikuwa wachache sana. Yeye hakuisamehe mvua, wala watu. Tangu siku ile hakukanyaga msiba wa mtu. Na kwao huko, mtu anaweza kukunyima chumvi ukamsamehe, lakini asiyekuja kuzika, huyo amejitoa mwenyewe.

Ajabu ni kwamba alikubali.

"Kufa kwenyewe ni kulala tu?" aliuliza.

"Ndiyo, babu. Tunakufunika shuka, Tumpe analia."

"Haya. Njooni kesho saa tano."

Sekela alisita. Alikuwa na akili, na alijua kilio cha msiba kinavyosafiri katika mtaa ule. "Babu, na watu wakisikia?"

Mzee alicheka kicheko kikavu. "Lieni mtakavyo. Kwa kilio cha kutoka nyumba hii, mjukuu wangu, hakuna atakayekuja."

Nao wakamwamini. Kosa lilianzia hapo.

Jumamosi saa tano wakamlaza sebuleni juu ya mkeka, wakamfunika shuka jeupe, mlango wakauacha wazi ili mwanga uingie. Sekela akashika simu ya mwalimu wake. Tumpe akapiga magoti. Mwezi wa tatu alikuwa amemzika bibi yake, na alipofungua mdomo ni bibi yake aliyemlilia. Kile hakikuwa kilio cha kuigiza hata kidogo.

Dakika ya kwanza ilikuwa shwari. Ya pili wakasikia miguu inakimbia.

Wa kwanza alikuwa jirani wa nyumba ya pili, kitenge kiunoni, mikono bado ina majivu, maana aliacha ndizi motoni. Nyuma yake wanawake watatu na mizigo ya kuni. Kisha wanaume na majembe, wakasimama uani. Mmoja alikuwa ameshaanza kuuliza kaburi litachimbwa upande gani.

Tumpe aliinua macho kumwangalia Sekela. Lusajo alimvuta mkono. "Zima! Waambie!"

Sekela hakuzima. Niseme ukweli wake kama yeye mwenyewe alivyousema baadaye: aliona kwenye kioo cha simu kitu ambacho hakuna shule ingekileta, akajua ameshinda. Akarudi nyuma hatua mbili ili wote waenee kwenye picha. Dakika tisa alirekodi.

Ndani ya dakika hizo akaingia Bibi Kissa. Huyu alikuwa amezika mwanawe wa pekee mwaka uliotangulia, na Mzee Ambokile, ambaye ua wake umepakana na wa bibi huyo, hakutoka hata mlangoni. Watu wakampisha. Akakaa chini polepole, akaweka kiganja juu ya shuka.

"Ambokile," akasema, "hukuja kumzika mwanangu. Nilikukasirikia sana. Lakini nimesikia unaliliwa na mtoto mmoja tu, nikasema hapana, haiwezekani. Nimekuja, jirani yangu."

Akalia. Wanawake wakampokea, nyumba nzima ikatetemeka kwa kilio.

Hapo shuka likaanza kutikisika.

Mtu akapiga yowe. Wengine wakakimbilia mlangoni, jembe moja likaanguka. Mzee Ambokile akakaa. Uso wake ulikuwa umelowa kama mtu aliyetoka mvuani.

Kisha macho yote yakaiona simu.

Balozi wa mtaa, mtu mpole siku zote, hakupaza sauti. "Kilio si wimbo, watoto wangu. Kimeshatoka, kimefika mpaka ng'ambo ya mto. Kule watu wanafunga safari sasa hivi. Nani atakirudisha?"

Akawageukia wale watoto watatu.

"Mliokipiga ndio mtakaokirudisha. Mlango kwa mlango."

"Nami nitakwenda nao," akasema Mzee Ambokile. "Ni mimi niliyewaambia watoto hawa kwamba hamtakuja."

Basi wakazunguka, watoto watatu na mzee mmoja, Jumamosi mpaka jua linazama, na Jumapili tena baada ya ibada. Kila nyumba walisema maneno yale yale: kilio kile kilikuwa cha uongo, tumekosa, tusameheni. Wengine waliwapa uji. Wengine waliwafokea mpaka wakatamani ardhi ipasuke. Mwanamke mmoja wa ng'ambo ya mto alikuwa ameshachinja kuku wake wa mayai apeleke msibani, akawafungia mlango.

Muda wote huo zile dakika tisa zilikuwa kwenye simu, mfukoni mwa Sekela.

Saa saba mchana Jumapili walikuwa wamemaliza nyumba zote isipokuwa moja. Lusajo akasema, "Tumeshaomba msamaha. Sasa tukate dakika tatu tupeleke. Bado tuna saa mbili."

Sekela akaenda kwa mwalimu wake. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sheria hainiruhusu kukuelekeza," akasema. "Hata ingeniruhusu, nisingekuelekeza. Machozi hayo ni ya nani?"

Sekela akaondoka akiwa amekasirika. Alitaka kuambiwa ndiyo, au basi aambiwe hapana.

Nyumba iliyobaki ilikuwa ya Bibi Kissa. Walimkuta anapukuchua mahindi. Sekela alisema maneno yake ya msamaha, kisha akaitoa simu mfukoni. "Bibi, nina picha yako. Ile ya jana. Ni nzuri sana. Nikiipeleka tutashinda."

"Hebu nione."

Akatazama dakika zote tisa, simu kaishika kwa mikono miwili. Mzee Ambokile alisimama kando, akisikia tena maneno aliyoyasikia akiwa chini ya shuka. Ilipoisha, Bibi Kissa akamrudishia Sekela simu.

"Ni kweli ni nzuri," akasema. "Lakini yale nilimpa huyu mzee. Nilidhani amekufa, nikampa. Sikuyapa ukuta wa ukumbini. Mtu hupewa vile mara moja, mwanangu, na mwenyewe keshapewa."

"Kwa hiyo nifute?"

"Simu unayo wewe. Mimi nimekuambia nilimpa nani."

Hakuwa mkali. Angekuwa mkali ingekuwa rahisi zaidi. Sekela alisimama pale na kidole juu ya kioo, akifikiria ule ukuta, akifikiria kwamba hakuna mwaka mwingine. Kisha akafuta. Tumpe aligeuka asione. Lusajo alipiga teke kigunzi na kuondoka zake.

Saa tisa ilipita.

Jioni shule zote zilikusanyika ukumbini. Filamu kumi na moja zilionyeshwa, nyingine nzuri, nyingine za ovyo kabisa. Jina la shule ya Sekela lilipotajwa, msomaji akasema, "Hawakuwasilisha," akaendelea na jina lililofuata. Watoto wa mstari wa mbele wakacheka. Sekela, aliyekuwa ameketi kwenye benchi la nyuma peke yake, akainamisha kichwa magotini na kulia. Alilia kwa uchungu wa kweli, kama mtoto anayejua kwamba ametenda vema na bado amekosa alichokitaka.

Waliokuwa karibu walijifanya hawaoni. Mmoja aliinua simu ampige picha.

Mkono wa mtu mzima ukaishusha ile simu taratibu. Alikuwa Mzee Ambokile, na koti lake la kazini la zamani. Hakuwa na mtoto wala mjukuu katika mashindano yale. Alikuwa amepanda kilima chote kwa miguu, mtu ambaye kwa miaka minane hakukaa karibu na yeyote anayelia.

Akaketi kwenye benchi, bega kwa bega na yule mtoto. Hakumwambia anyamaze. Hakumwambia yatapita. Filamu zikaisha, zawadi zikatolewa, watu wakatoka, mlinzi akaanza kufunga madirisha, na yeye bado amekaa.

Mlinzi akauliza, "Mzee, mnangoja nani?"

"Hatungoji mtu," akasema Mzee Ambokile. "Huyu amefiwa na kitu chake. Mimi nimekuja."

Funzo: Machozi ya mwenzako si mali yako hata kama umeyashika mkononi. Ukisikia mtu analia, shusha simu, nenda ukakae naye.