Kwa Nini Ua la Mvua ya Kwanza Hutangulia Majani Yake

To! Tone moja la mvua liligonga chungu usiku, na Sekela akafumbua macho.

Chungu hicho kilikuwa zawadi ya mkwewe, mfinyanzi wa ng'ambo ya kilima. Sekela alikuwa amekigeuza kifudifudi uani, hajakipikia hata mboga. Tangu binti yake alipomfuata mfinyanzi huyo bila kuaga, jina la binti halikutoka tena kinywani mwa mama. Alimwita "yule".

Zamani hizo maua mekundu ya mviringo, makubwa kama ngumi mbili, yalichanua kilimani mwaka mzima. Mbuzi waliyakanyaga, watu waliyapita bila kugeuza shingo. Ndiyo maana Sekela aliapa mbele ya majirani: "Nitalitaja jina lake siku maua haya yatakapokwisha!"

"Mwenzangu, kuapia maua haya?" jirani yake Ngwisa alicheka. "Si ungeapia jua kabisa, tujue hutaki!"

Lakini maua yalisikia. Yaliona haya kufanywa kufuli la mdomo wa mama. Yakanyauka yote siku moja, yakajificha ardhini, kila moja ndani ya shina lake la mviringo kama kitunguu. Kiangazi kizima kilima kilibaki kitupu.

"Maua yamekwisha, mama," Ngwisa alisema kila alipopita. "Umebaki wewe."

Sekela aliendelea kupepeta mtama. Hata habari zilipofika kwamba binti amejifungua, na kwamba mtoto hapewi jina mpaka bibi yake aje, alipepeta tu.

Ndipo tone likagonga chungu. Chini ya ardhi, maua nayo yalilisikia. Hayakungoja majani; yalitoka mbio kuja kuona kama jina limetajwa. Alfajiri Sekela alikuta moja mlangoni, limesimama bila jani hata moja, kama mtu aliyekurupuka kitandani bila kujitanda nguo. Akatazama kilima. Kilikuwa kinaanza kuwa chekundu. Kikichanua chote, kiapo kitamfunga upya. Akalichuma ua, akajitwika chungu, akapanda kilima kwenda kwa binti yake.

Na tangu siku hiyo ua hilo hutangulia majani yake, huja na mvua ya kwanza, hukaa siku chache, likarudi kujificha. Aliyemnunia ndugu yake hulichuma upesi, akaenda nalo mlangoni kwake. Haongezi maneno. Hutaja jina tu, kama Sekela alivyolitaja la binti yake asubuhi ile, chungu kichwani, matope hadi magotini:

"Tumpe."