Ulikuwa Unaongea na Nani?

Alikuwepo seremala mmoja, muumini mzuri tu, wa benchi la mbele kama nyinyi hapo. Nyumba yake ilipakana na ya mzee mmoja Mwislamu, na kwa miaka ishirini seremala akiwa na shughuli, mzee ndiye aliyekuwa anamchinjia. Mnaujua utaratibu wetu. Ukitaka majirani wote wakae chini wale, kisu unampa Mwislamu. Hakuna aliyetufundisha darasani, tumezaliwa tumeukuta.

Basi, binti yake mkubwa akafikia kupata kipaimara. Mbuzi wawili wakanunuliwa, wakafungwa uani. Asubuhi ya siku yenyewe, baba ananyoa ndevu, akaja mtoto wake wa mwisho, msichana wa miaka minane, mwenye maswali yasiyoisha. Akamwambia, "Baba, babu jirani anasali kwake, sisi tunasali kwetu. Nani ana dini ya kweli? Au zote ni za kweli?"

Swali hilo mmeshaulizwa. Msinitazame hivyo, mmeulizwa! Na mtoto yule hakuwa anachokoza. Alimpenda yule babu, na shule ya Jumapili alikuwa ameambiwa habari za moto. Alitaka kujua babu yake atakwenda wapi.

Baba akacheka, povu la sabuni limemjaa mdomoni. "Yule mzee? Yule anaongea na hewa tu, mwanangu. Tunamwita ili hao wenzake wapate kula, wasije wakatusema tuna roho mbaya."

Baba akaona amejibu vizuri, akaendelea kunyoa.

Saa nne mzee akaja, kisu chake amekifunga kwenye kitambaa. Ukasikia, "Shikamoo mzee wangu! Karibu, karibu sana! Bila wewe shughuli hii isingekuwa shughuli!" Mdomo ule ule, ndugu zangu. Sabuni hata haijakauka.

Mzee akamlaza mbuzi, akamwelekeza kibla, midomo yake ikaanza kusema taratibu. Mtoto akasogea karibu.

"Babu, unaongea na nani?"

"Naongea na Mungu, mjukuu wangu. Uhai wa huyu mbuzi ni wake, siutoi bila kumtaja."

"Mbona baba amesema unaongea na hewa?"

Wanawake waliokuwa wanamenya vitunguu wakaacha. Hapo baba alikuwa na nafasi yake. Si angesema tu, "Mzee wangu, ni kweli nilisema, nimekosa, nisamehe"? Ingemuua? Badala yake alimzaba mtoto kofi. "Muongo mkubwa wewe! Lini mimi nimesema hayo? Mzee wangu, watoto wa siku hizi hawa, usiwasikilize kabisa."

Mzee akachinja mbuzi wa kwanza, akachinja wa pili, akafuta kisu chake. Wakamletea chai, akasema, "Nimeshiba, baba." Akampapasa mtoto kichwani, akaenda zake. Pilau ilipoiva alitumwa mtu kumwita, akakuta mlango umefungwa. Nyama ile mtaa mzima uliila, isipokuwa yule aliyewachinjia.

Kabla ya kula, seremala akasimama mbele ya wageni. "Tufumbe macho, tuombe." Na aliomba, jamani! Alishukuru kwa majirani, akashukuru kwa upendo, akashukuru kwa amani ya mtaa, mpaka kina mama wengine wakatoa machozi. Aliposema amina na kufumbua macho, akamkuta yule mtoto anamtazama, shavu limevimba.

"Wewe, mbona hukufumba macho?"

Mtoto akamwuliza, tena kwa sauti ya chini, "Baba, sasa hivi ulikuwa unaongea na nani?"

Mnaguna? Guneni. Mimi niliposikia kisa hiki nilishindwa hata kuguna.

Sikusimama hapa kuwaambia dini zote ni sawa. Mimi nakiri ninachokiri, na nitazikwa nacho. Lakini mtoto yule angeweza kuambiwa, "Mwanangu, mimi naamini hivi, babu anaamini vile, na hapo hatukubaliani. Babu ni mtu mwema, na wa kumhukumu si mimi." Maneno hayo baba angeyasema hata mzee akiwa amesimama pale mlangoni, na heshima ya kila mtu ingebaki. Jibu ambalo huwezi kulitoa jirani yako akisikia, hilo ni sengenyo, hata ukilitia jina la Mungu ndani yake.

Sisi kila siku tunalia kwamba watoto wetu watachukuliwa na dini za watu. Haya, huyu alichukuliwa na nani? Mzee alimchukua? Mtoto alileta swali la Mungu kwa baba yake, akapewa dharau. Akaisema kweli, akalipwa kofi. Halafu akaambiwa afumbe macho. Afumbe kwa imani gani? Alishaona kwamba baba yake anaweza kusema kitu kizuri sana mbele za watu na kisiwe kweli. Na hilo tumewafundisha sisi, nyumbani kwetu, tena mchana kweupe.

Yanatosha. Simameni tuombe. Ila leo, wazazi, kabla hamjafumba macho, mtazameni kwanza mtoto aliye kando yenu. Angalieni kama yeye amefumba.